Dawa ya kansa ya matiti katika jani la tumbaku: ni kweli au ni uvumi?

Jani la tumbaku twalijua sote. Wazee hulivuta katika kiko, vijana hulinunua sokoni likiwa limezungushiwa karatasi, na wengine hulitia mdomoni. Twajua pia madhara yake: kila mwaka tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 duniani, na baadhi yao hufa kwa kansa. Basi mtu akisikia kwamba wenye elimu wanatengeneza dawa ya kansa ya matiti ndani ya mmea ulio ndugu wa tumbaku, hana budi kustaajabu. Wengine watacheka. Wengine wataamini upesi mno, na hao ndio tunaowahofia zaidi, kwa maana kesho yake utasikia kwamba fulani anauza majani yaliyochemshwa, na mama mwenye uvimbe titini ameacha kwenda hospitali.

Kwa hiyo, wasomaji wapenzi, twaona yafaa kueleza jambo hili taratibu tangu mwanzo wake, ili kila baba, kila mama na kila mwanafunzi apate kupambanua yaliyo kweli, yanayotumainiwa tu, na yaliyo uwongo mtupu.

Ugonjwa wenyewe

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe nyingi mno, ndogo hata jicho haliwezi kuziona. Kila chembe ina wakati wake wa kuzaliana na wakati wake wa kufa. Kansa ni chembe zilizoasi utaratibu huo. Huzaliana bila kukoma, husongamana na kufanya uvimbe, halafu hutawanyika na kuingia katika mifupa, ini, mapafu na hata ubongo.

Kansa ya matiti ni mojawapo ya kansa zinazowapata wanawake wengi zaidi. Mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 hivi waligunduliwa kuwa nayo duniani, na watu 670,000 walikufa kwa ajili yake. Wanaume nao huweza kuipata, ingawa ni wachache sana: katika wagonjwa 100 hawafiki zaidi ya mmoja. Tena tuseme wazi kwamba si ugonjwa wa kuambukizwa. Mume haupati kwa mke wake, wala watoto hawaupati kwa kula sahani moja na mama yao. Si laana wala si kazi ya jirani mwenye wivu.

Lakini kansa za matiti si za namna moja, na hapa ndipo habari yetu inapoanza. Mwaka 1987 daktari mmoja wa Marekani, Dennis Slamon wa Chuo Kikuu cha California katika mji wa Los Angeles, pamoja na wenzake, alitangaza jambo kubwa. Juu ya chembe za mwili kuna kitu kidogo cha protini kiitwacho HER2. Tukifananishe na sikio: chembe hulitumia kupokea amri ya kukua na kuzaliana. Chembe nzima ina masikio hayo kwa kiasi chake. Lakini katika wagonjwa 15 hadi 20 kwa kila 100 wenye kansa ya matiti, chembe za uvimbe zina masikio mengi kupita kiasi, pengine hata milioni 2 juu ya chembe moja. Chembe ya namna hiyo husikia mchana na usiku amri moja tu: Ongezeka! Slamon alionyesha kwamba wagonjwa hao ndio ambao ugonjwa wao ulirudi mapema, nao ndio waliokufa upesi kuliko wengine.

Askari wa mwili

Mwili hauketi tu ukingoja adui. Katika damu yetu mna askari waitwao kingamwili. Ni protini zenye umbo la herufi Y. Mikono yake miwili hushika kitu kimoja tu kilichokusudiwa, na mguu wake huwaita walinzi wengine wa damu waje kuua kile kilichoshikwa. Mwaka 1890, katika mji wa Berlin, Emil von Behring na Mjapani Shibasaburo Kitasato walionyesha kwamba maji ya damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ya pepopunda huweza kumlinda mnyama mwingine. Tangu siku zile watu walitamani kuzitengeneza kingamwili wapendavyo, lakini hawakuweza kupata za namna moja tu, safi na kwa wingi.

Mlango ulifunguliwa mwaka 1975 katika mji wa Cambridge, Uingereza. Georges Köhler na César Milstein waliunganisha chembe inayofanya kingamwili na chembe ya kansa isiyokoma kuzaliana. Chembe iliyotokea ikawa kama kiwanda kisichofungwa, kikitoa kingamwili za namna moja siku zote. Kwa kazi hiyo walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1984.

Ndipo wataalamu wakatengeneza kingamwili ya kulishika lile sikio la HER2. Dawa hiyo huitwa trastuzumabu, nayo iliruhusiwa Marekani mwezi wa Septemba 1998 kwa jina la Herceptin. Hutiwa katika mshipa, na kazi yake ni mbili: huzuia sikio lisipitishe amri, tena huiwekea chembe mbaya alama ili walinzi wa damu waiue. Mwaka 2005 ilionekana kwamba wanawake waliotibiwa mapema, wakapewa dawa hii pamoja na dawa nyingine za kansa, walipungukiwa na hatari ya kurudiwa na ugonjwa karibu kwa nusu. Ni dawa yenye nguvu, lakini huweza kudhoofisha moyo. Ndiyo sababu daktari huupima moyo wa mgonjwa kabla ya kuanza na wakati wa matibabu.

Adui anapojifunza kukwepa

Hata hivyo, furaha hiyo haikuwa kamili. Wagonjwa wengine hawakusaidiwa tangu mwanzo, na wengine walisaidiwa kwa muda, kisha uvimbe ukaanza kukua tena ingawa dawa haikuachwa. Watu wakauliza: imekuwaje?

Majibu ni zaidi ya moja. Kwanza, pengine sehemu ya nje ya sikio hukatika, ikabaki shina lake ndani ya chembe. Kingamwili hukosa mahali pa kushika, na shina lile laendelea kutoa amri. Pili, HER2 huweza kushikana na sikio jingine lililo jirani yake, nayo yakipatana hupeleka amri kwa nguvu kuliko moja peke yake. Tatu, pengine mlango wa nje umefungwa vema, lakini ndani ya chembe wale wanaopokezana amri wameharibika, nao hupiga kelele hata bila kuamriwa na mtu. Hayo ndiyo maana ya kusema kwamba kansa imeshinda dawa. Si kosa la mgonjwa, wala si alama kwamba dawa ilikuwa ya uwongo.

Adui akibadili njia, mlinzi naye abadili mahali pa kusimama. Mwaka 2012 iliruhusiwa kingamwili ya pili, petuzumabu. Hii hushika sehemu nyingine ya sikio lilelile, na kulizuia lisishikane na jirani yake. Wagonjwa 808 ambao kansa yao ilikwisha kutawanyika walijaribiwa. Wote walipata trastuzumabu pamoja na dawa ya kuua chembe. Nusu yao waliongezewa petuzumabu. Katika wale walioongezewa, nusu waliishi zaidi ya miezi 56. Katika wale wengine, nusu waliishi zaidi ya miezi 40. Mwaka 2013 ikaja kingamwili iliyobeba sumu mgongoni, ikiipeleka hata ndani ya chembe mbaya, na mwezi wa Desemba 2019 ikaruhusiwa nyingine ya namna hiyo yenye nguvu zaidi, kwa ajili ya wale walioshindwa na dawa za kwanza.

Msomaji mwenye akili ataona shida inayofuata. Ikiwa mgonjwa mmoja ahitaji kingamwili mbili au tatu, tena kila wiki tatu kwa muda mrefu, nani atalipa? Shirika la Afya Duniani liliitia trastuzumabu katika orodha ya dawa za lazima mwaka 2015. Mwaka 2019, lilipokubali dawa ya kwanza iliyofanana na ile ya asili, lilisema kwamba ile ya asili iligharimu kwa wastani dola 20,000, na kwamba zile zilizofanana nayo zilipungua bei kwa 65 katika kila 100. Kupungua huko ni kwema, lakini mkulima mwenye shamba la mihogo hata hiyo iliyobaki hawezi kuifikia.

Kwa nini jani?

Sababu moja ya bei ni namna dawa hizi zinavyotengenezwa. Kwa kawaida hufanywa na chembe zilizotoka katika mfuko wa mayai wa mnyama mdogo mfano wa panya, aitwaye hamsta wa China. Chembe hizo hufugwa katika matangi makubwa ya chuma, kwa chakula cha bei kubwa na usafi wa ajabu. Kijidudu kimoja kikiingia, tangi lote laharibika. Kuna nchi chache zenye uwezo wa kujenga viwanda hivyo.

Basi watu wakafikiri: mmea nao una chembe, nao hufanya protini kutwa kucha kwa mwanga wa jua, maji na mbolea. Je, hauwezi kufundishwa kufanya kingamwili? Mwaka 1989 Andrew Hiatt na wenzake, huko Marekani, walionyesha kwamba waweza. Mmea wa tumbaku ulifanya kingamwili kamili, yenye mikono miwili na mguu wake.

Wanafunzi wetu watapenda kujua jinsi kazi hiyo inavyofanyika. Mmea unaotumiwa zaidi huitwa Nicotiana benthamiana, ndugu mfupi wa tumbaku, na asili yake ni Australia. Hukua upesi na huambukizwa kwa urahisi, na udhaifu wake huo ndio unaowafaa watu. Msaidizi wa pili ni kijidudu cha udongoni kiitwacho agrobakteria. Kwa asili yake ni mwovu: huingiza maagizo yake katika chembe za mmea, na mmea huota uvimbe shinani. Huko Gent, Ubelgiji, Jeff Schell na Marc Van Montagu walivumbua mwaka 1974 mahali kijidudu hicho kinapochukulia maagizo hayo. Watu wakayaondoa maagizo ya uvimbe, wakakiachia ufundi wake wa kuingiza, wakakipa mzigo mwingine. Hivyo kile kilichotia mimea vivimbe chatumiwa leo katika kutafuta dawa ya vivimbe vya watu.

Kazi huenda hivi. Mimea yenye umri wa wiki tano au sita hupinduliwa, majani yake yakazamishwa katika maji yenye vijidudu vilivyobeba maagizo ya kingamwili. Hewa hunyonywa kutoka ndani ya majani, na inaporudishwa, maji huingia mahali hewa ilipokuwa. Mimea hurudishwa katika nyumba yake ya kioo. Baada ya siku chache, kwa kawaida wiki moja hivi, majani hukatwa na kusagwa, na maji yake huchujwa na kusafishwa mara nyingi mpaka ipatikane kingamwili peke yake, bila nikotini wala uchafu mwingine. Mmea haupati magonjwa ya virusi ya wanyama, na mtu akitaka dawa zaidi hupanda mimea zaidi. Lakini tusidanganyane: kazi ya kusafisha hubaki ngumu na ya gharama, iwe kingamwili imetoka katika jani au katika tangi.

Mwaka 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walitangaza kwamba walitengeneza trastuzumabu katika mmea huo. Walipoiweka pamoja na chembe za kansa zenye HER2 nyingi, ilizuia kukua kwake. Palikuwa na kikwazo kimoja kilichojulikana: mmea hutia juu ya protini sukari zake, zisizo sawa na za mwanadamu. Lakini mwaka 2008 wataalamu wa Vienna, pamoja na Herta Steinkellner, walikwisha kupata mimea isiyotia sukari hizo za kigeni. Tena ikaonekana kwamba kingamwili isiyokuwa na sukari moja, iitwayo fukosi, huwaita walinzi wa damu kwa nguvu zaidi. Hili ni jambo la kutia moyo mahali ambapo dawa ya kwanza imeshindwa, kwa kuwa kuua chembe kwa mikono ya walinzi ni njia isiyotegemea kufunga sikio tu.

Kongo na kingamwili za majani

Mtu asidhani kwamba habari hizi ziko mbali nasi. Kingamwili zilizotoka katika majani zimekwisha kuingia katika mishipa ya watu wa Kongo.

Mwaka 2014, ugonjwa wa Ebola ulipowaka Afrika ya Magharibi, palikuwa na dawa iitwayo ZMapp. Ilikuwa mchanganyiko wa kingamwili tatu zilizofanywa katika Nicotiana benthamiana, mjini Owensboro, jimbo la Kentucky, nchi ya wakulima wa tumbaku. Wamarekani wawili walioambukizwa Liberia walipewa, wakapona. Lakini mwezi wa Agosti mwaka uleule akiba yote ilikwisha. Baadaye ilijaribiwa kwa taratibu: katika wagonjwa 36 waliopewa walikufa 8, na katika 35 wasiopewa walikufa 13. Ilionekana kusaidia, lakini watu walikuwa wachache mno kuweza kusema kwa hakika.

Kisha Ebola ikaja Kivu ya Kaskazini na Ituri, tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020, ikaua watu 2,287. Katika Beni, Butembo, Katwa na Mangina dawa nne zilipimwa pamoja, na Profesa Jean-Jacques Muyembe wa Kinshasa alikuwa mmoja wa viongozi wa kazi hiyo. Waliopewa ZMapp walikufa karibu 50 kwa kila 100. Waliopewa mAb114, kingamwili iliyotokana na damu ya mtu aliyepona Ebola huko Kikwit mwaka 1995, walikufa 35 kwa kila 100, na waliopewa dawa ya kingamwili ya tatu walikufa 34 hivi. Mwezi wa Agosti 2019 ZMapp iliachwa, na wagonjwa wakapewa zile mbili zilizo bora.

Je, jani limeshindwa? Tusiseme hivyo. Kingamwili zenyewe zilikuwa tofauti: mAb114 ilitiwa mara moja tu, lakini ZMapp ilihitaji mara tatu katika siku kadhaa, na mgonjwa wa Ebola hana siku za kungoja. Hata hivyo kuna fundisho. Kuponyesha wawili si kuthibitisha. Dawa hupimwa kwa kulinganishwa na nyingine, kwa wagonjwa wengi, kwa haki. Watu wa Beni na Butembo waliokubali kupimwa, katika siku za vita na hofu, walifundisha dunia nzima jambo hilo.

Tumefika wapi?

Basi tujibu swali la kichwa chetu. Ni kweli kwamba kingamwili za kansa ya matiti zimetengenezwa katika majani. Ni kweli kwamba zimezuia chembe za kansa katika vyombo vya wataalamu. Ni kweli pia kwamba mmea waweza kutoa dawa halali: mwezi wa Mei 2012 Marekani iliruhusu dawa ya ugonjwa wa Gaucher, iliyofanywa na chembe za karoti. Lakini hakuna hata sasa kingamwili ya jani iliyoruhusiwa kumtibu mgonjwa wa kansa ya matiti. Anayesema kwamba anayo, anadanganya.

Ni uwongo pia kwamba jani la tumbaku, likichemshwa, likitafunwa au likipakwa titini, laponya. Jani la shambani halina kingamwili hiyo, kwa kuwa hakuna aliyeliingizia maagizo yake. Hata lingekuwa nayo, tumbo lingeisaga kama linavyosaga maharagwe. Kingamwili hufanya kazi ikisafishwa na kutiwa mwilini kwa sindano. Jani lenyewe huleta nikotini, na moshi wake huleta kansa.

Kwa hiyo twawasihi akina mama mambo manne. Kwanza, ukiona uvimbe titini au kwapani, hata usiouma, au ngozi imebonyea, au chuchu imeingia ndani au yatoa damu, nenda dispensari wiki hiyohiyo. Vivimbe vingi si kansa, lakini ni daktari anayeweza kujua, akitoa kipande na kukipima. Pili, ikiwa ni kansa, uliza kama kipande hicho kimepimwa HER2. Na kama hospitali ya kwenu haina chombo, uliza kipelekwe wapi. Tatu, usiache dawa katikati kwa sababu umeona nafuu. Nne, ikiwa dawa imeshindwa, usirudi nyumbani kimya. Mwulize daktari kama iko nyingine, kwa maana tumeona kwamba kushindwa kwa moja si mwisho wa zote.

Nanyi akina baba, msiwaachie wake zenu mzigo huu peke yao. Mara nyingi fedha ya safari iko mikononi mwenu, na ruhusa ya kwenda pia. Wahenga walisema: Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wataalamu watafanya kazi yao katika nyumba zao za kioo, na pengine watoto wetu walio shuleni leo watapanda mimea hiyo hapa Kongo. Lakini uvimbe haungoji. Ukiuona leo, safari ya hospitali ni kesho asubuhi.